Nusu Siku Ambayo Sikutumwa

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika ofisi ya utumishi ya hoteli moja pale Qurum, Omani, wanawake wa chumba cha dobi walifutiwa siku yao ya mapumziko kwa sababu wageni walikuwa wengi. Wiki ya tatu wakaniomba niwaandikie barua kwa meneja, mimi Mwomani ambaye kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya mezani.

Niliiandika kwa siku nne. Niliogopa kumuudhi meneja, kisha nikaogopa woga wangu utaonekana. Mwishowe nikaongeza kwamba ikiwa siku nzima ni taabu, hata nusu itatosha.

Miongoni mwao alikuwamo mama wa Bukavu, aliyewahi kuwa delege wa sendika, yaani mjumbe wa chama cha wafanyakazi, katika kiwanda cha chai. Alikataa barua itoke kabla haijasomwa mbele ya wote. Nikaisoma huku mashine zikinguruma. Nilipofika kwenye nusu siku, akainua mkono.

“Hiyo nusu, nani alikutuma?”

“Hakuna, mama. Niliona tu...”

“Basi futa. Kwetu Kongo, na Burundi pia, delege akitoa asichotumwa, anarudi kwa mashine yake. Wenzake wanachagua mwingine.”

“Na hizo samahani tano?” akadakia Mtanzania mmoja. “Kwani tumemwibia nini huyo meneja?”

Wakacheka. Nikazifuta zote, na ile nusu pia.

Tuliingia wawili kwa meneja, mama na mimi mkalimani wake. Meneja akasoma, akatabasamu. “Nusu siku, kuanzia wiki hii.”

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kushukuru. Mama akaniwahi: “Mwambie tunaenda kuuliza wenzetu. Kesho tutaleta jibu.”

Nikatafsiri.

“Kwani yeye si kiongozi wao?” meneja akashangaa.

“Mimi natumwa tu,” mama akajibu.

Kule dobi aliwaeleza kila neno, bila kuwashawishi. Mikono ikahesabiwa: nusu imekataliwa. Mkono wake haukuwa miongoni mwa iliyokataa. Tukiwa kwenye ngazi akaniambia magoti yanamuuma, yeye angeichukua hiyo nusu papo hapo.

Mimi ningetafuta njia ya kuwageuza. Kesho yake yeye alisimama mbele ya meneja, akasema wamekataa, na kwa nini, kwa sauti imara kama mtu anayedai haki yake mwenyewe. Meneja akaagiza ratiba iletwe. Siku nzima ikarudi, kwa zamu. Zamu yake ilipofika, mama alilala mpaka adhuhuri.