Gazeti la Magari na Ng'ombe wa Njia ya Igunga

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa mzee mmoja wa Tabora mjini, mfanyabiashara wa asali na nta. Asubuhi nilipima nta. Alasiri nilimsomea gazeti la magari lililotoka Uingereza, likifika limechakaa kama msafiri yeyote. Kiingereza nilifundishwa na mapadri wa upande wa Kipalapala, waliotumaini kitanifikisha kwenye vitabu vya dini. Kilinifikisha kwenye breki na springi.

Mzee alitaka gari la kifahari, na asingelinunua kabla gazeti halijamruhusu. Basi nikawa nasoma na kutafsiri, na taratibu nikaielewa mizani ya wale mabwana. Gari la Kimarekani likiwa kubwa, waliandika kwamba limenenepeana. La kwao likiwa kubwa vilevile, lilikuwa na haiba. Usukani mzito wa gari la Kijerumani ulichosha mikono. Usukani mzito wa gari la Kiingereza ulimfaa mwanamume anayejua aendako. Toleo moja lilieleza gari la kwao lililovuja mvua ikinyesha. Waliandika kwamba halimtengi dereva na maumbile.

Mke wa mzee alikuwa akisikiliza huku anachambua mchele.

"Karani," akaniuliza, "hao wanaosifu na hao wanaouza, ni nyumba moja?"

"Sijui, mama. Ila tangazo la gari hilohilo limejaa ukurasa mzima unaofuata."

"Basi huyo ni mshenga. Umeona wapi mshenga akasema bibi harusi ana kengeza?"

Mzee akamjibu kwamba wanawake hawajui mambo ya injini. Yeye aliyajua: alikuwa amesomewa. Akaagiza gari.

Lilishushwa stesheni, jeusi, limeng'aa, viti vya ngozi, mbao zimepigwa vanishi kama kabati la sebuleni. Tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi kiasi kwamba kuku wa jirani alipopita chini yake ilibidi ainame. Gazeti lilisema umbo hilo la chini lina adabu.

Masika yaliyofuata akatokea Mzungu mmoja, mwandishi wa gazeti lenyewe. Alikuwa anazunguka Afrika Mashariki kuyajaribu magari ya kwao, akasikia Tabora kuna moja. Mzee nusura alie kwa furaha. Akamlisha pilau siku mbili, kisha akamkabidhi ufunguo. Tukaondoka kuelekea Igunga: Mzungu kwenye usukani, mzee pembeni yake, mimi nyuma kama mkalimani.

"Gari mzuri sana!" Mzungu alisema kwa Kiswahili chake kila tulipoivuka kokoto salama.

Tulipoingia mbuga ya udongo mweusi, akaacha kusema. Gari lilizama likatulia, kwa adabu ileile. Akakanyaga mafuta, matairi yakazunguka na kutupaka tope sote watatu bila ubaguzi. Mzee alilishika koti lake jeupe akalitazama, kisha akanitazama mimi, kana kwamba nilitafsiri vibaya.

Mkulima aliyekuwa akilima ng'ambo akaja na ng'ombe wake, nira zikiwa bado shingoni. Akalizunguka gari polepole.

"Shikamoo, mzee," akamwamkia bosi wangu. "Hili nalo linakwenda lenyewe?"

"Marahaba. Linakwenda. Leo limechoka."

"Haya. Hata hawa huchoka."

Akafunga mnyororo, akapiga mluzi, na ng'ombe wakalitoa na kulivuta mpaka penye ardhi ngumu. Mzungu akiwa ndani, ameshika usukani kwa mikono miwili, sijui akiwaongoza kwenda wapi. Aliwashukuru sana, akawapiga picha, akarudi kwao.

Toleo lenye habari zake lilipofika, mzee alialika wenzake barazani, kahawa ikamiminwa, nikapewa gazeti. Nikasoma: gari lilivuka mbuga za Tanganyika wakati wa masika, bila kulalamika, kwa nguvu isiyokatika. Nilizigeuza kurasa kutafuta ng'ombe. Hakuna hata mkia.

"Mnasikia?" mzee akawaambia wenzake, macho yakimeremeta. "Bila kulalamika!" Na niliona ameamini. Alikuwepo, alipakwa tope mpaka kwenye kofia, lakini gazeti lilikuwa limeandika, na yeye ni nani abishane na waliopiga chapa?

"Endelea, karani."

Nikaendelea. Nikatafsiri kwamba nguvu hiyo isiyokatika ilitoka kwa ng'ombe wa mkulima mmoja wa njia ya Igunga, wenye pembe nzuri, wasiokula petroli, na kwamba mwandishi anawapendekeza kwa kila mwenye kununua gari hili.

Baraza zima likapasuka kwa kicheko. Ndani ya nyumba mama alicheka mpaka akapaliwa.

"Imeandikwa wapi hiyo?" mzee akauliza, mkono umenyooshwa.

Nikampa gazeti. Akaligeuza huku na huku, akaitazama picha ya gari likiwa safi, akaniambia nikapime nta.

Toka siku ile kusoma akapewa mwalimu mmoja wa mtaa wa Cheyo, mtu mpole asiyeongeza neno. Nilimsikia kupitia dirisha la ghala, alasiri baada ya alasiri, akitafsiri sifa zile moja baada ya nyingine, na mzee akiitikia, "Naam. Naam."