Kumi na Sita Nukta Mbili

Nambari ya kwanza niliyoiandika katika nyumba ile ya Hail, pale Maskati, ilikuwa kumi na sita nukta mbili, na kwa nambari hiyo nusura nirudishwe Kenya. Naiandika tena hapa kwa makusudi. Sijutii hata nukta yake.

Wakati huo nilikuwa muuguzi wa wakala. Watu hudhani nesi aliyekwenda Ghuba ana hospitali yake, ana wodi yake, ana kabati la kuwekea viatu. Mimi nilikuwa na begi. Wakala ndiye aliyenileta Maskati, ndiye aliyeshika mkataba wangu, na ndiye aliyeamua wiki hii nitakwenda kwa nani. Tulikaa wauguzi sita katika fleti moja mtaa wa Hamriya, juu ya duka la fundi cherehani, na kila asubuhi basi dogo lilituzungusha mjini likitushusha mmoja mmoja: huyu kwenye zahanati iliyopungukiwa na watu, yule kwa mzee aliyepooza, mimi Hail, kwa Bibi mwenye kidonda cha mguu.

Bibi alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa tayari mama wa watoto wawili. Sasa alikaribia miaka themanini, ana kisukari, na chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia alikuwa na kidonda kilichokataa kufunga. Siku ya kwanza niliingia chumbani mwake nikasema, "Habari ya asubuhi, Bibi." Akanitazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Kwenu huko bara hamuamkii wakubwa?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Haya, njoo unitoboe."

Nikamtoboa kidole, nikatia tone la damu kwenye kipimo. Kumi na sita nukta mbili. Nikapima tena, ikawa ile ile. Nikafungua daftari la sukari, ambalo kila muuguzi wa zamu huandika na kutia sahihi yake, nikarudi nyuma miezi mitatu. Saba nukta moja. Saba nukta tatu. Sita nukta tisa. Mwandiko mmoja, kalamu moja, mistari imenyooka. Sasa mgonjwa mwenye sukari nzuri kiasi hicho, kidonda chake kinanuka kwa nini? Kipimo kile kilikuwa kinahifadhi majibu ya siku zilizopita, kwa hiyo nikabofya kitufe nikayasoma moja baada ya jingine. Kumi na tano. Kumi na saba. Kumi na nne.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Daktari hupanga insulini kwa kutazama daftari. Akiona saba, anaiacha dawa ilivyo. Kidonda kisipopona huku sukari inaonekana nzuri, anadhani damu haifiki mguuni, na hapo maneno ya kukata huanza. Kile kipimo kikubwa cha damu cha maabara, ambacho huonyesha sukari ya miezi mitatu na kingefichua yote, kilikuwa kimeahirishwa mara mbili. Na kwenye karatasi ya miadi iliyobandikwa friji niliona ziara ijayo: Jumapili, ambayo kule ni siku ya kazi, na chini yake, daktari wa upasuaji. Ilikuwa Jumatatu. Bibi alibakiwa na siku sita kabla ya watu kukaa kujadili mguu wake kwa nambari za uongo.

Sukari yenyewe nilijua inakotoka kabla hata siku haijaisha. Baada ya sala ya alasiri walikuja akina mama kumjulia hali, kama ilivyo ada, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Halua, tende, mkate wa kumimina uliofunikwa kwa kitambaa. Bibi alikaa katikati yao kitandani kama bi harusi, akionja cha huyu ili asimvunje moyo, kisha cha yule. Nilipojaribu kuisogeza sahani, alinipiga jicho nikarudi kwenye kiti changu.

Binti yake wa mwisho, aliyekaa naye na kumtunza, alikuwa anafanya kazi serikalini na hurudi saa tisa. Kila siku alipiga picha ukurasa wa daftari na kuutuma kwenye kundi la familia, kwa kaka zake wanne waliotawanyika nchi za watu. Siku hiyo alinyanyua simu, kisha akaishusha.

"Sista, hii umeikosea."

"Sijaikosea, madam. Nimepima mara mbili."

"Yule wa mwanzo alikuwa haandiki hivi. Kaka zangu wakiiona hii, khalas, watasema mie nnamuua mama. Wao hawaji, lakini kuuliza wanajua. Wewe andika saba, mie ntamkataza vitamu."

"Mkataze vitamu, madam. Mimi nitaandika ninachokisoma."

Nilimhurumia, nisiseme uongo. Alikuwa amechoka, uso wake ulionyesha. Ila huruma yangu haikufika kwenye kalamu.

Kesho yake mratibu wa wakala akanipigia simu. Mteja amelalamika, akasema. Sikutumwa kule kuitia familia hofu. Mwenzangu aliyenitangulia aliielewa kazi.

"Chini ya ukurasa kuna sahihi ya nani?" nikamuuliza.

"Yako."

"Na leseni ni ya nani?"

"Yako, lakini..."

"Basi na nambari ni yangu."

Akanipa mpaka Alhamisi. Mteja asiporidhika, mkataba unavunjwa na ninatafutiwa tiketi ya kurudi. Nikamwambia sawa, ila aniandikie barua kwanza, aseme wazi kwamba ananiagiza niandike saba pale kipimo kinaposoma kumi na sita. Akakata simu. Hiyo barua naingoja mpaka leo.

Niliogopa sana. Nyumbani kulikuwa na watu waliokula kwa sababu mimi niko Maskati, na sikuwa na kazi nyingine mfukoni. Kule fleti wenzangu walinishangaa. "Unajifanya nani?" mmoja aliniuliza huku akikaanga samaki. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama vya kutosha," nikamjibu. "Nimeinama mpaka nikatokea Oman. Sasa mgongo unauma."

Jumatano asubuhi nilimtoboa Bibi kama kawaida. Kipimo kikasoma kumi na nne nukta nane. Nilikuwa naandika aliponiuliza, "Saba ngapi leo?"

Kalamu ikasimama. "Nani amekwambia ni saba, Bibi?"

"Si ndiyo nnayoambiwa kila siku? Saba, saba, iko vizuri."

Nikakiweka kipimo mkononi mwake. Akavaa miwani. Nikambofyea kitufe, akasoma siku baada ya siku, midomo ikicheza kimyakimya. Alipomaliza akakiweka juu ya mto.

"Nani anajua haya?"

"Muuguzi wa mwanzo. Binti yako. Ofisini kwetu wanajua, na wananitaka niandike saba. Na mimi."

"Yaani kila mtu anajua, illa mwenye mguu."

Niliona haya vibaya sana. Tangu Jumatatu nilikuwa nikizozana na ulimwengu mzima kwa ajili ya mguu ule, nikijiona shujaa, na mwenyewe nilikuwa sijamwambia neno. Nikamwomba radhi. Akaupapasa mguu wake.

"Na Jumapili wanataka kunikata?"

"Wanaweza kufika huko, Bibi."

"Kwa ajili ya halua?"

"Kwa ajili ya saba. Halua tungeweza kupambana nayo."

Akajiinua kwenye mto. Kisha akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nipe kalamu."

Hakuwa ameshika kalamu kwa miaka mingi. Alichojifunza chuo cha Kurani Unguja akiwa mtoto kilikuwa bado kimo vidoleni, ila vidole vyenyewe vilitetemeka. Akaandika kumi na nne nukta nane kwa tarakimu za Kiarabu, kubwa, zikimeza mistari mitatu, kando ya nambari yangu ndogo. Kisha akaiweka kalamu chini ya mto wake.

Binti aliporudi saa tisa akalikuta daftari liko wazi mapajani mwa mama yake.

"Piga picha," Bibi akamwambia. "Watumie kaka zako. Waambie mama kaandika mwenyewe, na mwenye kutaka kugomba aje agombe na mie. Wewe mwanangu humuui mtu. Nnayekula ni mie."

Binti akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mguu uliofungwa bendeji, akalia. Mimi nilitoka nikaenda kuchemsha maji ambayo hayakuwa na kazi. Alasiri wageni walipokuja na halua yao, Bibi aliitazama ile sahani kwa mapenzi ya kweli, akasema, "Iwekeni hapo, ya wageni. Mie nipeni kahawa chungu." Kikombe kilipofika alikunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa.

Binti alimpigia wakala kumwambia anataka nibaki. Mratibu akanihamisha vilevile, maana asiyependa kushindwa hakosi sababu. Alhamisi basi dogo lilikuja kunichukua na begi langu, nikapelekwa kwa mgonjwa mwingine. Tiketi haikutajwa tena, na mimi sikuomba msamaha. Muuguzi aliyepokea zamu yangu aliniambia baadaye kwamba siku ya kwanza alinyoosha mkono achukue daftari, Bibi akampiga kofi la vidoleni. "Wewe toboa," alimwambia. "Kuandika ni kazi yangu."

Jumapili hiyo daktari alilisoma daftari, akakibofya kipimo, akaagiza damu ipelekwe maabara siku ileile. Insulini ikapandishwa. Daktari wa upasuaji akaambiwa asubiri. Hayo niliyapata kwa binti, kwa ujumbe mfupi usio na salamu ya mwanzo wala ya mwisho, na nilimshukuru hivyohivyo.

Miezi minne ikapita. Nilikuwa katika nyumba nyingine, nakunja shashi za kufungia kidonda cha mtu mwingine, simu ikalia. Picha: ukurasa wa daftari, na ule mwandiko mkubwa unaotetemeka. Kumi na tano nukta moja. Kando yake ameandika neno moja, halua. Moyo ukanishuka. Kisha ukaingia ujumbe wa sauti, nikauweka sikioni.

"Mwanangu, mtu wa bara. Jana tumemuoza mjukuu wangu. Nimekula, na nimeandika. Kesho sukari ntaishusha, nnajua njia. Kidonda kimefunga, na ukumbini nimeingia na viatu vyote viwili. Sasa mwambie yule bwana wenu wa ofisini aje hapa mbele yangu, aniambie niandike saba."