Juma Moja Kwenye Mizabibu ya Mama Mdogo

Mwezi uliopita nilinunua zabibu sokoni Skärholmen, hapa Stockholm, nikazisahau kwenye mfuko uliokuwa umening'inia kwenye kigari cha mtoto. Nilipoufungua siku ya pili, ile harufu ya zabibu zilizoanza kuchacha ilinipiga usoni, na hasira niliyoifungia tangu nikiwa na miaka kumi ikaamka kana kwamba haijawahi kulala. Mniwie radhi, basi. Leo siandiki kwa upole.

Mama mdogo Wakesho, ndugu wa mama tumbo moja, aliolewa Ujerumani katika familia iliyotengeneza mvinyo tangu enzi za mababu. Likizo moja ya vuli mama aliomba ruhusa ya wiki nzima kwenye kazi yake ya usafi hotelini, tukatoka Uswidi kwenda kumtembelea. Aliniahidi mambo mawili tu: tutalala mpaka jua lichomoze, na tutapanda meli ya mtoni.

Mizabibu ilikuwa kwenye mteremko ambao hata mbuzi angejishauri kwanza. Mawe meusi, bapa, yaliteleza chini ya viatu na kulia kama vigae. Siku ya kwanza tulipanda sote kutembea tu. Mimi nilitambaa kwa mikono na miguu. Mama alitangulia, mikono nyuma, kama mtu anayekwenda kanisani. Ni Mtaita, amezaliwa mlimani.

"Wakesho, na huku ndiko mnaita mlima?" alimtania mdogo wake. Mama mdogo alicheka mpaka akajishikilia kwenye mzabibu. Ndicho kicheko chao cha mwisho nilichokisikia.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama hakungoja kupewa. Siku ya tatu, kabla umande haujakauka, alikuwa ameshika mkasi anakata vichala.

"Mama, na meli?"

"Kesho. Acha wajue mdogo wangu ametoka kwa watu."

Kesho ikazaa kesho. Siku ya tano walikuwa wamemvisha pipa la plastiki lenye mikanda, analijaza zabibu na kuteremka nalo mgongoni hadi kwenye kigari cha reli cha kubebea mavuno. Mama mkwe wa Wakesho alimpigapiga begani kama mtu anavyompigapiga farasi mzuri. Hakuna aliyesema, dada, pumzika, wewe ni mgeni.

Jumamosi wakaja watalii, wamelipa kutembezwa milimani na kuonjeshwa mvinyo kileleni. Mama mdogo aliwaongoza, kofia nyeupe kichwani. Tukakutana nao katikati ya mteremko, mama akiwa amepinda chini ya pipa, jasho linamtiririka. Alisimama, akamtabasamia mdogo wake. Wana mwanya uleule, paji la uso lilelile. Mtalii mmoja akawatazama wote wawili, akauliza huyu ni nani.

Kijerumani na Kiswidi ni majirani, na juma zima nilikuwa nikikidonoa kama kuku. Nilisikia vizuri sana. Mama mdogo aliangalia mawe, akasema: msaidizi wetu wa mavuno.

Yule mtalii akaomba kupiga picha. Na mama yangu akajinyoosha, akapunga mkono!

Nikafungua kinywa. Mama akanipa lile jicho. Nikakifunga. Jumapili tukaondoka, meli sikuipanda, na mfuko wa zabibu tuliopewa kwa asante ulifika Stockholm umechacha.

Miaka yote niliamini mama hakuelewa, nikamchukia mdogo wake kwa niaba yake. Jioni ileile ya mfuko wa Skärholmen, mama akijipaka dawa magotini pale kwetu Norsborg, akasema Wakesho anakuja kutusalimia. Nikalipuka.

"Aje! Siku ya tatu nitampa mopu! Unajua alikuitaje kule?"

"Najua."

"Kijerumani hukijui, mama."

"Kijerumani cha nini? Nilimwona alivyoangalia mawe." Akafunga kikopo cha dawa. "Ungesema pale, sisi tungeondoka kesho yake. Yeye angebaki nao."

Kwa hiyo alijua. Alijua, akajinyoosha apigwe picha, ili mdogo wake asiumbuke mbele ya wakwe. Mnadhani nilipoa kusikia hivyo? Nilichemka zaidi. Ile wiki moja ya mapumziko ya mama yangu, na magoti yale, aliyalaza chini mwenzake apite juu, na hata jina la dada hakupewa.

Jumamosi iliyopita tulimpokea stesheni. Amezeeka, amebeba chupa mbili za mvinyo kama mtoto aliyetumwa. Binti yangu akanivuta mkono, akauliza kwa Kiswidi chake, "Vem är hon?" Huyu ni nani?

Jibu nilikuwa nalo tayari, limenolewa miaka kumi na saba. Mama akaniangalia. Mama mdogo akainamisha macho kwenye zege la jukwaa, vilevile.

"Ni dada yake bibi," nikasema. Nikarudia kwa Kiswidi, kwa sauti, mpaka watu wakageuka. Nilitaka asikie jinsi yalivyo mepesi maneno hayo.