Majani ya Haban

Nikisikia harufu ya maziwa ya mbuzi yanayoungua, mie hurudi Wadi Kabir, kwenye nyumba yetu ya udongo, miaka ile tulipokuwa bado wageni Maskati. Tulitoka Unguja baada ya mapinduzi, na Bibi, mama yake mama, alikuwa amewazika huko wanawe wawili. Haongei. Anakaa tu, kautazama ukuta. Basi siku moja baba akarudi kutoka uwanda wa Ghubra na kitoto cha paa ndani ya kilemba chake. Wawindaji walimpiga risasi mamake, na chenyewe mguu umechanika. Bibi akanyanyuka. "Nipe," akasema. "Kulea paa nnajua miye."

Na kweli alijua. Alimkanda mguu kwa manjano na chumvi, akamfunga kipande cha kanga, akamnyonyesha kwa ncha ya kitambaa, huku maziwa mengine yakifurika na kumwagikia makaa. Paa akasimama, akawa anamfuata Bibi mpaka mlango wa choo! Bibi akacheka. Loh, mama alitoka jikoni mbio kuhakikisha ni yeye. Baba akaahidi kwamba mguu ukipona atamrudisha Ghubra kwa wenzake.

Unguja, paa wa kufugwa huletewa majani mabichi ya popote. Bibi naye akashuka bondeni. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu isipokuwa vichaka fulani vya kijani kibichi, vina maua ya rangi ya waridi. Alifurahi, masikini, akarudi na kanga imejaa. Paa aliyekuzwa na mamake asingeyagusa majani yale. Wetu alikula mkononi mwa Bibi kwa kumwamini. Kabla ya adhuhuri yuko chini, anatetemeka, povu mdomoni. Jirani yetu Bi Shamsa, mzaliwa wa pale, alipoyaona masalio alipiga ukelele kwa Kiarabu: "Haban! Sumu hiyo! Hata punda haigusi!" Bibi hakulia. Alikipakata kichwa cha paa mpaka kikapoa, ndipo akasema, "Hakuwa na wa kumwonya. Na miye pia sikuwa naye."

Leo naishi Ghubra hiyo hiyo. Uwanda umekuwa majumba na maduka, na Wadi Kabir ni gereji tupu. Haban imepandwa kando ya barabara, eti pambo, inamwagiliwa maji kila siku, na nikiiona napandwa na hasira. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, wala sikumsikia akicheka tena. Ila kila jani lililoingia nyumbani, hata mchicha wa sokoni, alilipeleka kwanza kwa Bi Shamsa, akamwuliza: "Hili laliwa?"