Barua ya Mzee Pazi iliyopotea kwenye kompyuta

Saa tatu asubuhi, Kilwa Masoko. Consolata Likwata anapiga chapa bila kutazama vidole. Pembeni yake ameketi Ahmadi, katibu wa kamati ya zahanati ya Kiswere, mkononi ana karatasi zilizokunjwa mara nne. Ni barua ya kijiji ya kuomba mkunga, na lazima iondoke na basi la saa nne kwenda Lindi.

Ghafla maandishi yanaacha kutokea. Consolata anabonyeza tena. Dirisha la barua limegeuka kijivu.

“Imeganda,” anasema.

“Zima tu, mama, uwashe upya,” Ahmadi anamwambia huku akitazama saa yake.

“Hapana, baba. Kompyuta ni nzima. Iliyokwama ni programu moja.”

Anafungua dirisha jingine, jeusi, lisilo na picha. Anaita orodha ya programu zinazofanya kazi, anatafuta namba ya ile iliyoganda, kisha anaandika *kill*, amri ya kuiomba ijifunge, na namba hiyo. Anasubiri. Dirisha la kijivu halitikisiki. Anarudia, safari hii akiongeza *-9* katikati, ya kuilazimisha. Dirisha linatoweka papo hapo.

Ahmadi anashika kichwa. “Na barua yetu?”

Consolata anafungua programu upya. Inamuuliza kama arejeshe kazi iliyokatika, naye anakubali. Barua inarudi, imepungua mistari miwili ya mwisho. Anaipiga upya mistari hiyo na kuichapisha. Ahmadi anatoka mbio kuelekea kituoni.

Ni kazi ya dakika tatu. Consolata, mwenye umri wa miaka 47, anasema aliijua akiwa amechelewa.

Alizaliwa Newala, akafanya kazi ya karani mpiga chapa katika shirika la umma mjini Lindi kwa miaka kumi na miwili. Shirika lilipobinafsishwa, makarani tisa kati ya kumi na mmoja walipunguzwa, yeye akiwamo. Alihamia Kilwa na taipureta yake. Mwaka 2004 mradi mmoja uliokuwa unafunga ofisi ukamwachia kompyuta hii inayotumia Linux, mfumo usiolipiwa.

“Nilijua kuiwasha, kuandika na kuchapisha. Basi,” anasema. “Ikiganda, nilikuwa nachomoa waya ukutani.”

Hivyo ndivyo alivyofanya siku aliyokuja Mzee Pazi.

Alikuwa mkulima wa kijiji cha Miteja, miaka sabini na kitu, hajui kuandika. Alitaka kumwandikia binti yake Somoe, aliyekuwa Morogoro. Miaka kumi na mmoja walikuwa hawajasemezana. Somoe aliacha ndoa aliyopangiwa na baba yake, na mama yake alipofariki, mzee alimzuia mlangoni asiingie msibani.

“Nilimwuliza kwa nini asiandikiwe na jamaa zake,” Consolata anakumbuka. “Akaniambia, ‘Mwanangu, haya siwezi kuyasema mbele ya watu wanaonijua.’”

Alisema kwa muda wa karibu saa mbili, akinyamaza, akianza tena. Consolata aliandika kila neno. Hakuhifadhi hata mara moja, kwa kuogopa kumkatiza.

Ukurasa wa pili ulipokaribia kwisha, dirisha likaganda. Akachomoa waya. Kompyuta ilipowaka, barua haikuwamo.

“Nilimwomba radhi. Hakugomba. Alisema, ‘Basi, nitarudi Jumatatu. Leo yameshanichosha.’”

Jumatatu hakuja. Alhamisi zilifika habari kwamba amefariki.

Consolata alikuwa na bahasha tayari, imeandikwa anwani. Ilikaa mezani siku nne. Siku ya tano alichukua kalamu na kuandika kwa mkono yale aliyoyakumbuka, yakajaa nusu ukurasa. Juu yake alieleza yeye ni nani, na kwamba barua yenyewe aliipoteza yeye.

Baada ya wiki tano Somoe alisimama mlangoni pake, ile barua mkononi.

“Nilidhani amekuja kunitukana,” anasema Consolata. “Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: ‘Nilikuona unaondoka na sikukuita.’ Akaniuliza, ‘Dada, haya ni maneno yake au yako?’ Nikamwambia ni yake, hayo nayakumbuka neno kwa neno.”

Somoe alilia. Kisha akauliza baba yake alianzaje.

Consolata alikumbuka kwamba mzee alianza kwa kumwita binti yake jina la utotoni, ila jina lenyewe lilikuwa limemtoka. Somoe akalitaja yeye, kwa sauti ndogo. Je, ndilo?

“Ningeweza kusema ndiyo, angefurahi,” anasema Consolata. “Nilimwambia sijui. Nilishampotezea barua, sikutaka kumwongezea na uongo.”

Mwezi uliofuata alimwita Kornelio, fundi wa kompyuta kutoka Lindi. Fundi huyo alimfundisha kuiomba programu iliyokwama ijifunge, na ikikataa, kuilazimisha. Aliiweka kompyuta ijihifadhie kazi kila baada ya dakika tano. Consolata alimuuliza kama barua ya mzee ingeokoka kwa njia hiyo.

“Huenda ndiyo, huenda hapana,” Kornelio alimjibu. “Ila hukuwa na haja ya kuua kompyuta nzima.”

Jibu hilo, anasema, bado anaishi nalo.

Somoe hakurudi Morogoro. Anaishi katika nyumba ya baba yake na kulima shamba lake. Ndiye aliyempa Consolata wazo: Miteja wapo wazee wengi wasioweza kufika Masoko, wenye maneno ya kuwaambia watoto walio mbali.

Consolata amepata kompyuta ndogo ya mkononi, ya mtumba, ambayo Kornelio ameiwekea mfumo uleule. Betri yake inadumu saa mbili. Kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi atakaa barazani kwa Somoe na kuandika.

“Na nitahifadhi kila sentensi. Mzee akikatizwa, atanisamehe.”

Wazee sita wameshajiandikisha. Wa kwanza ni bibi mmoja ambaye hajasema anataka kumwandikia nani, na Consolata hajamuuliza.