Mtoa Mpira na Mashabiki Wake

Mwaka ule wa kwanza, Chibalonza na wenzake walikuwa wakiomba dua mbaya bila kujua.

Kila Jumapili asubuhi, huku Marekani ikiwa bado Jumamosi, walijazana sebuleni kwake Mount Druitt, kitongoji cha Sydney, kuitazama timu ya chuo anachosoma Bruno. Wenyewe waliiita Korongo, kwa sababu ya ndege aliyechorwa kwenye kofia za wachezaji. Kila Bruno alipoonekana akikimbia kuingia uwanjani, nyumba ililipuka kwa vifijo. Mzee Mselem alipiga takbiri, Kipchumba akapanda juu ya kochi, na Chibalonza mwenyewe akapiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta. Bruno asipoonekana kwa muda walinung'unika kwamba kocha anambania mtoto wao.

Ilipita miezi miwili ndipo Goreth, mama wa Kirundi anayelea watoto katika shule ya chekechea, alipoketi na kuzisoma sheria za mchezo ule wa mpira wenye ncha mbili. Jumapili iliyofuata alikuja na uso wa mtu aliyeona makubwa.

"Jamani, tumejiaibisha mbele ya Mungu," alisema. "Bruno haingii mpaka timu ikwame. Wakishindwa kusonga mbele, ndipo anaitwa aupige mpira uende mbali, wauchukue wapinzani. Kazi yake ni kuutoa mpira. Kumbe tulikuwa tunaomba timu yetu ikwame!"

Walicheka mpaka Mzee Mselem akaomba maji. Lakini hawakuacha kushangilia. Mtoto ni wako hata kama anaingia siku ya shida tu.

Chibalonza hakumzaa Bruno. Alipewa. Yeye na dada yake mkubwa walitoka pamoja Bukavu, wakavuka ziwa, wakapangiwa kibanda kimoja katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Dada yake, Ornella, alifariki hapo kwa homa, akamwachia mdogo wake mtoto wa miaka mitano. Mtoto hakulia. Alinyamaza. Alikula, alilala, alichota maji na wenzake, ila neno halikutoka kinywani mwake kwa miezi minne. Chibalonza alikuwa akiketi kando yake kila jioni, mgongo kwa mgongo, akisimulia habari za siku nzima kama anayejibiwa. Siku moja, katikati ya habari ya foleni ya unga, mtoto akasema, "Si hivyo, mama mudogo. Wewe ulikuwa wa tatu." Chibalonza anaikumbuka siku hiyo kuliko siku waliyopata viza.

Walipofika Sydney, Chibalonza alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na Bruno akapata mguu. Ndivyo anavyopenda kusema. Mwalimu wa michezo alimwona akiupiga mpira wa Kiaustralia kutoka lango hadi lango, akapiga simu kwa mtu, naye akampigia mwingine. Maana vyuo vya Marekani vinawapenda vijana wa huku kwa kazi hiyo hiyo ya kupiga. Hata hivyo, hofu ya Chibalonza juu ya kile kimya haikuisha. Bruno alipokuwa na miaka kumi na mitano alikosa pigo katika fainali ya shule, akanyamaza siku kumi na moja. Chibalonza akaketi tena mgongo kwa mgongo. Sasa kijana ana miaka ishirini na mmoja, na kati ya mgongo na mgongo kuna bahari nzima.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho wa Desemba, joto limekwisha kupanda kabla ya saa nne asubuhi, na feni inazungusha hewa ile ile. Korongo walikuwa wamealikwa kucheza mechi ya bowl, ile mechi moja ya heshima ambayo timu bora za vyuo hucheza msimu ukiisha. Bruno alikuwa amemtumia mama yake mdogo njia ya kuitazama kwa simu. Kipchumba, kijana wa Eldoret anayeendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo boharini, aliiunganisha simu hiyo na televisheni, na sauti akaipeleka kwenye spika kubwa ya kwaya ya kanisa. Goreth alileta maharage na ndizi. Mzee Mselem, fundi matairi kutoka Unguja, alitoka mtaa wa Bankstown na vitumbua vya mkewe Bimkubwa.

Ikabaki dakika moja na nusu. Korongo ishirini, wapinzani kumi na saba. Korongo wakakwama, Bruno akaingia, na kwa mazoea yao wote wakashangilia. Kilichokuwa kimebaki ni apige tu. Bruno akaudaka mpira. Hakupiga. Akakimbia kulia hatua nne, tano, akasita, kisha akapiga, na mkono wa adui ukawa umefika. Mpira ukarudi nyuma, ukaokotwa, ukakimbizwa hadi mwisho wa uwanja. Ishirini kwa ishirini na nne. Mechi ikaisha hivyo.

Chibalonza aliichukua simu, akaenda jikoni, akampigia Bruno. Ilikuwa imezimwa, ikakatika kabla haijaita. Alijua bado yumo katika chumba cha kubadilishia nguo. Baada ya nusu saa akapiga tena. Baada ya saa nzima alikuwa amepiga mara saba, na sebuleni mjadala ulikuwa umeshika moto.

"Mimi nitasema ukweli," Kipchumba alikuwa akisema. "Boy alikawia. Mpira si mtoto mchanga, unaubembeleza wa nini? Shika, piga, maliza!"

"Ewe Kipchumba," Mzee Mselem akamkata, "juzi tu umeigonga rafu ya bohari mchana kweupe, leo wamfundisha mtu kushika mpira?"

"Rafu ndiyo ilinigonga, Mzee."

"Aa, ilitembea."

"Lawama ni ya yule mrefu wa kushoto, arobaini na nne," Goreth alisema. "Kazi yake ni kumkinga Bruno. Alisimama pale kama mlango usio na komeo, kila mtu anapita."

"Na kocha je?" Mzee Mselem akauliza. "Kocha anakula mshahara wa nini?"

"Kocha hakumwambia akimbie!" Kipchumba akajibu. "Alimwambia apige! Hukuona alivyoitupa karatasi?"

Jikoni, Chibalonza aliyasikia yote. Kwao, nyumba ikipatwa na jambo, watu huja, huketi, hunyamaza pamoja nawe, na anayesema husema pole. Hawa walikuwa wamemgeuza mtoto wake gari bovu, kila fundi anafungua boneti. Akatoka na mwiko mkononi.

"Mukimaliza kumuchinja, munambie nilete chumvi."

Kipchumba akatazama miguu yake.

"Mama Bruno," Mzee Mselem alisema taratibu, "hatumsemi kwa ubaya. Mtu humsema wa kwake."

"Huyo wa kwenu hapokei simu, Mzee. Munajua akinyamaza anakuwaje? Hamujui. Mimi ndiye najua."

Akarudi jikoni kabla hawajamwona machozi, na hapo hapo simu ikaita. Jina la Bruno. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka sikioni.

"Bruno?"

Sikioni, kimya. Lakini kutoka sebuleni, kwa sauti ya kutikisa madirisha, spika ya kwaya ikasema, "Ma."

Katika haraka zao hakuna aliyekumbuka kuitenganisha simu na spika. Chibalonza alikimbilia sebuleni. Kipchumba akainuka kuizima, naye akamzuia kwa mkono, macho yamemtoka. Aliogopa simu isije ikakatika na isipokelewe tena. Akaweka kidole mdomoni. Wote wakajikunja kwenye viti vyao kama watoto wanaojificha.

"Bruno, umekula?"

Pumzi tu, kubwa, chumba kizima.

"Uko hotelini?"

"Mm."

Alilijua lile "mm". Ndilo lililotangulia zile siku kumi na moja. Akatafuta neno la kumpa na asilione. Pole ingelikuwa kufunga mlango. Kwamba si kosa lako, ingelikuwa uongo, na Bruno hajawahi kuupenda uongo. Kilichomjia ni kitu cha kazini. Pale kwa wazee, zamu inayotoka haiondoki mpaka iketi na zamu inayoingia na kusimulia yaliyotokea, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kutaja nani mbaya. Bibi ameanguka saa ngapi, alikuwa ameshika nini, nani alikuwa karibu. Chibalonza alikuwa ameona watu wazima wakiingia katika kikao hicho wakitetemeka na kutoka wakitembea wima.

"Bruno, zamu yako imekwisha," alisema. "Nipe handova."

"Ma, please."

"Handova. Mpira ulikufikia wapi? Kifuani ao chini?"

Pumzi. Kisha: "Chini kidogo. Kwenye goti."

"Halafu?"

"Halafu nikauona upande wa kulia uko wazi. Hakuna mtu. Zilibaki yadi tatu tu, Ma. Nikikimbia nikazipata, mpira unabaki wetu, mechi imekwisha, tumeshinda."

"Kocha alisema nini?"

"Alisema nipige." Sauti ikapasuka kidogo. "Nilijua munaangalia. Miaka mitatu munaamka kuniangalia natoa mpira. Nilitaka siku moja munione naubeba. Nikaanza kukimbia, halafu nikaogopa, halafu nikapiga. Vyote nusu nusu. Ni mimi, Ma. Si mtu mwingine."

Feni ikazunguka. Goreth alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Chibalonza alifungua kinywa, lakini kabla hajasema, Mzee Mselem, ambaye kuzuia maneno kunamuuma kuliko jino, alishindwa.

"Yadi tatu! Wallahi mwanangu, ungekimbia tu!"

Kipchumba alimtazama mzee kama anayetazama gari likirudi nyuma kuelekea mtaroni.

"Ma," spika ikasema polepole, "huyo ni Babu Mselem?"

"Bruno, nisamehe, spika hii..."

"Wote wako hapo? Wamesikia?"

Chibalonza akajishika kichwa. Aliona yote yamekwisha. Lakini Goreth aliiteremsha kanga yake na kusema kwa ukali ule ule anaoutumia kwa watoto wa chekechea, "Tumesikia, na Mzee anakudanganya. Hungefika. Namba nane wa wapinzani alikuwa amekwisha kukufikia."

"Ningefika, Tante Goreth."

"Hungefika!"

"Ningefika! Namba nane alikuwa ndani, mimi nilikuwa nimempita kwa nje. Rudieni muangalie."

"Na yule arobaini na nne?" Kipchumba akadakia, akiisogelea spika. "Huyo alikuuza, buda. Alilala kazini."

"Usimseme huyo!" Bruno alipaza sauti, na vyombo vikalia kabatini. "Usimseme. Alikuwa sahihi, mimi ndiye nilihama mahali pangu, yeye angenikinga vipi? Ameketi nje ya mlango wangu tangu tutoke uwanjani. Nimemwambia aende kula, hataki. Yuko hapo chini kwenye zulia."

"Basi mfungulie, mwanangu," Mzee Mselem alisema. "Mtu haketishwi mlangoni. Mfungulie aingie, umwambie watu wa Sydney wana maswali."

Ikasikika kitasa. Ikasikika sauti nyingine, nzito, ya Kimarekani, ikiuliza kuna nini. Bruno akamweleza kwa Kiingereza kwamba hawa ni familia yake, na kwamba wanasema asingefika. Yule kijana akafikiri kidogo, akasema naye anaona asingefika. Sebule ya Mount Druitt ikapiga kelele ya ushindi, Mzee Mselem peke yake akipinga, na katikati ya kelele hizo Chibalonza akasikia kitu alichokuwa akikisubiri tangu saa tano. Bruno alikuwa anacheka. Kicheko cha shida, chenye kamasi, lakini kicheko.

Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, mwiko bado mkononi. Kwa miaka yote alidhani kumrudisha Bruno kutoka kimyani ni kazi yake peke yake, na ndiyo maana umbali ulimtisha. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa viza, kwa kazi, kwa mwalimu aliyeuona ule mguu. Hakuwa amewahi kumshukuru kwa fundi matairi asiyeweza kunyamaza, wala kwa mwendesha foklifti mbishi, wala kwa kijana asiyemjua anayeketi kwenye zulia la hoteli. Akamshukuru hapo kwa kila mmoja wao, kimoyomoyo, na ikamchukua muda.

Bruno alikuwa sasa akiwaeleza namna mguu unavyopaswa kuukuta mpira unapokimbia. Kipchumba alisimama katikati ya sebule na kitumbua badala ya mpira, akifuata maelekezo.

"Si hivyo," Goreth alimwambia. "Amesema ncha itazame juu."

"Kitumbua hakina ncha, mama!"

Zamu ya Chibalonza ilikuwa ya saa nane mchana. Alivaa sare yake, akafunga viatu, akawaonyesha kwa ishara chakula kilipo. Alikuwa amekwisha kufika kwenye ngazi za nje, jua likimpiga usoni, Mzee Mselem alipomfuata mbio mlangoni.

"Mama Bruno! Waenda kazini bila simu?"

"Iache hapo, Mzee," Chibalonza alisema. "Bado anaongea."