Swali la Mchimba Visima

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Bulumbi kuambiwa kwamba yule mzee mchimba visima ametutoka. Wasomaji wangu wa siku nyingi hamumjui, kwa kuwa sikuwahi kumwandika, na kilichonizuia ni aibu tu. Lakini mficha uchi hazai, basi leo naisema.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja Tororo mtafiti wa kule kwenye ncha ya dunia, mtu mwenye tuzo kubwa, kutoa mhadhara wa wazi. Nikaombwa kutafsiri, nami nikavaa suti. Mgeni alieleza jinsi wanavyotoboa barafu iliyolala tangu enzi na enzi, wakachomoa kipande kirefu kama nguzo na kusoma tabaka zake mwaka baada ya mwaka. Mzee wetu, aliyekuja kwa baiskeli na viatu vyake vya mpira vyenye udongo, akasimama. "Muulize huyu daktari," akaniambia kwa Kiswahili chetu cha mpakani. "Yeye natoboa barafu, mimi natoboa udongo. Ile ya juu kama naanguka kwa shimo, yeye najua aje hii ni ya chini?"

Sasa, kwetu barafu ni ile juisi iliyogandishwa kwenye vipakiti, wanayofyonza watoto sokoni Busia. Ukumbi ukacheka kwa neno lenyewe tu. Nami, Mungu anisamehe, nikakipenda kile kicheko. Nikamwambia mgeni kwa Kiingereza kwamba mzee anaomba aletewe barafu moja ya kufyonza. Mgeni akacheka sana. Mzee akaniuliza amejibu nini, nikamwambia amefurahia swali. Akakaa.

Wakati wa chai mgeni mwenyewe akanisimulia kinachomsumbua kazini: vipande vya juu huporomoka shimoni, na asipokuwa mwangalifu atasoma mwaka wa juu akidhani ni wa chini. Ndilo swali la mzee. Mzee alikuwa hatua chache tu kutoka pale, kashika chupa ya soda, ananitazama. Ningemwita, watu wawili wa kazi moja wangezungumza. Sikumwita, maana kumwita kungekuwa kujianika mwenyewe, na mimi nilikuwa na suti.

Mazishini binti yake alinishukuru kwa kufika. Akasema baba yake alikuwa mtu wa kuuliza maswali kila mkutano wa kijiji, ila tangu siku ile ya Tororo aliacha. Alikuwa akisema, "Mimi naulizanga ujinga." Nikala chakula cha matanga nikaondoka.

Gazeti hili nitampelekea binti huyo kwa mkono wangu, nisimame hapo mpaka amalize kusoma. Nawe unayejua lugha mbili, ukipewa maneno ya mtu, yafikishe kama yalivyo. Hata ukiyaona ya kijinga yafikishe, kwa maana huenda mjinga ni wewe.